Kujitolea Nje ya Nchi Mkiwa Mke na Mume: Namna ya Kujiandaa na Kuishi Huko

Mwaka 1958 Alec Dickson na mkewe Mora walianzisha nchini Uingereza shirika la kujitolea la VSO, lililoanza kwa kupeleka ng'ambo vijana waliotoka shuleni kabla ya kugeukia wataalamu wenye uzoefu. Miaka 20 baadaye, mjini Lausanne, Uswisi, Don Stephens na mkewe Deyon wakaanzisha Mercy Ships, shirika la Kikristo ambalo meli zake za hospitali hutia nanga katika bandari za Afrika na kuwafanyia watu upasuaji bila malipo. Mashirika yote mawili yaliasisiwa na mke na mume, lakini wanandoa wanaoomba nafasi leo hugundua mapema kwamba karibu kila shirika humpima mtu mmoja mmoja, na kwamba cheti cha ndoa hakimwongezei mwombaji hata alama moja. Mwongozo huu unawalenga wanandoa wa Tanzania, Kenya na nchi jirani wanaotaka kusafiri pamoja na kutoa huduma huko waendako, na sharti lake la kwanza ni hili: kila mmoja wenu awe na kazi yake, iliyoandikwa kwa jina lake, kabla hamjakata tiketi.

Kazi mbili kabla ya safari moja

Safari nyingi za aina hii huharibika kwa njia ileile. Mmoja hupata nafasi, mwenzake huamua kumsindikiza kwa matumaini kwamba akifika hatakosa cha kufanya, na kwa wiki chache za mwanzo mambo huwa matamu kwa sababu mji ni mgeni na kila mtaa ni wa kutazamwa. Kisha mwenye nafasi huanza kurudi jioni akiwa amechoka na ana mengi ya kusimulia, wakati aliyesindikiza amekuwa chumbani tangu asubuhi, hana ratiba wala rafiki, na anahesabu fedha inayotoka bila kuona inachonunua. Ugomvi unaozuka hapo huonekana kuwa wa chakula au wa matumizi, ilhali chanzo chake ni kwamba mmoja ana kazi na mwingine hana.

Peace Corps, shirika la kujitolea la serikali ya Marekani, lililoundwa mwaka 1961 na kuleta Tanganyika mwaka huohuo wapimaji ardhi na wahandisi wa barabara, ina utaratibu unaofaa kuazimwa. Huwapokea wanandoa kwa sharti kwamba wote wawili waombe, wote wawili wakubaliwe, na kila mmoja apangiwe kazi yake katika nchi ileile. Nafasi zake ni za raia wa Marekani peke yao, kwa hiyo hazituhusu, lakini kanuni yenyewe inatuhusu sana.

Anzeni basi kwa kuandika, kila mtu kwenye karatasi yake na bila kuchungulia ya mwenzake, kazi ambazo mnaweza kuzifanya vizuri mahali msipojulikana na bila msaada wa kila siku. Andikeni kazi, msiandike tabia. Mratibu anayesoma maombi hawezi kumpangia zamu mtu aliyeandika kwamba anapenda kusaidia jamii, lakini anaweza kumpangia aliyeandika kwamba amefunga nyaya za umeme katika majengo ya shule, au kwamba ameendesha stoo ya dawa ya kituo cha afya. Wengi hudharau ujuzi unaotafutwa kwa sababu tu hawakuusomea chuoni. Meli za Mercy Ships, kwa mfano, hazihitaji madaktari na wauguzi tu. Zinahitaji wapishi, mafundi umeme, makanika, mabaharia, na walimu wa kuwafundisha watoto wa wafanyakazi wanaoishi humo na wazazi wao, kwa hiyo muuguzi aliyeolewa na fundi umeme wanaweza kuomba wote wawili bila mmoja kuwa mzigo wa mwenzake. Karatasi mbili zikishakamilika, zilinganisheni na mahitaji ya mashirika, na kama hakuna shirika moja linalowahitaji nyote, ni heri kutafuta mashirika mawili katika mji mmoja kuliko kumlazimisha mmoja aende kama mtazamaji.

Milango iliyo wazi kwetu

Mpango wa kujitolea wa Umoja wa Mataifa, unaojulikana kwa kifupi UNV, uliundwa na Baraza Kuu mwaka 1970 na makao yake makuu yako Bonn, Ujerumani. Vijana wa miaka 18 hadi 26 wana kundi lao, na kundi la wataalamu huanzia miaka 27 na kudai uzoefu wa angalau miaka 3. Maombi hufanywa kwa mtandao, hayana ada katika hatua yoyote, na anayechaguliwa hulipwa posho ya kujikimu. Kwa wanandoa swali kubwa ni la kituo cha kazi, kwa sababu vipo vituo vinavyoruhusu familia na vipo vingine ambavyo, kwa sababu za usalama, haviruhusu mwenzi wala mtoto kuishi hapo. Someni sehemu hiyo ya tangazo kabla ya kusoma kitu kingine chochote.

VSO iliwahi kuwa na ofisi Nairobi iliyoitwa VSO Jitolee, ambayo kazi yake ilikuwa kuajiri wataalamu wa ukanda huu na kuwapeleka nchi nyingine, na habari hiyo inafaa kukumbukwa na yeyote anayedhani kwamba kujitolea ni jambo ambalo Wazungu huja kulifanya kwetu. Ujerumani nayo ina mpango wa weltwärts, ulioanza mwaka 2008 kwa kupeleka vijana wa Kijerumani nje, na tangu mwaka 2013 umekuwa ukipokea pia vijana wa nchi za kusini, wakiwemo Watanzania na Wakenya, wa umri wa miaka 18 hadi 28. Hutumikia kwenye shule za chekechea, nyumba za wazee, vituo vya watu wenye ulemavu au miradi ya mazingira, na maombi hupitia asasi ya nyumbani iliyo na ubia na asasi ya Ujerumani. Ni mpango mzuri kwa kijana mmoja. Kwa wanandoa ni mgumu zaidi, kwa kuwa kila mtu hupangwa kivyake na hakuna anayewaahidi mji mmoja, na ningewashauri wale wasioweza kuvumilia kukutana mwisho wa wiki tu waelekeze nguvu zao kwingine.

Njia ya gharama ndogo inayotajwa sana ni WWOOF, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1971 na Sue Coppard, ambapo mgeni husaidia katika shamba la kilimo hai kwa saa kadhaa kila siku na kupewa malazi na chakula. Inawafaa wanandoa kwa upande wa kazi, kwani shamba daima lina kazi ya mikono minne, na wenyeji wengi wamezoea kupokea watu wawili. Ugumu wake uko kwenye viza.

Viza: semeni mnachokwenda kufanya

Watu wengi huamini kwamba kazi isiyolipwa haiihusu idara ya uhamiaji, na imani hiyo imewarudisha wengi kutoka uwanja wa ndege. Nchi nyingi huhesabu chakula na malazi kuwa ni malipo. New Zealand, kwa mfano, husema wazi kwamba kufanya kazi shambani kwa kubadilishana na malazi ni kazi, na anayetaka kufanya hivyo anahitaji viza inayomruhusu kufanya kazi. Uingereza humruhusu mwenye viza ya kawaida ya mgeni kujitolea kwa muda usiozidi siku 30 kwa jumla, tena katika shirika la hisani lililosajiliwa, na kwa sharti kwamba kujitolea kusiwe ndilo lengo kuu la safari yake. Anayekwenda hasa kwa ajili ya huduma huhitaji viza ya mfanyakazi wa hisani, ya hadi miezi 12, ambayo haitolewi bila shirika lenye kibali kumdhamini mwombaji. Mwenzi wa mwenye viza hiyo anaweza kuomba kama mtegemezi na akaruhusiwa kufanya kazi, jambo ambalo huwapa wanandoa nafasi nzuri kuliko wengi wanavyojua. Akiba inayotakiwa ni pauni 1,270 kwa mwombaji na pauni 285 kwa mwenzi, zilizokaa benki kwa siku 28 mfululizo, isipokuwa pale mdhamini anapothibitisha kwamba atawagharimia.

Marekani huruhusu viza ya B-1 kwa anayejitolea katika mpango wa shirika la kidini au la hisani linalotambuliwa, mradi halipwi mshahara. Kwa nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja ya pamoja, viza ya muda mfupi haizidi siku 90 ndani ya kila siku 180 na hudai bima ya afya yenye kinga isiyopungua euro 30,000. Huduma ya muda mrefu zaidi ya hapo huombewa viza ya taifa la nchi husika. Kanuni hizi hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo zisomeni kwenye tovuti ya serikali ya nchi mnayokwenda wiki ileile mnayojaza fomu, wala msitegemee simulizi za jirani aliyekwenda zamani.

Siku ya mahojiano huenda mkaitwa dirishani mmoja mmoja. Maswali huwa mafupi na ya kawaida: nani analipia tiketi, mtalala wapi usiku wa kwanza, utafanya nini Jumatatu asubuhi, mwenzako atakuwa wapi wakati huo. Wanandoa ambao mmoja wao alijaza fomu zote mbili hujikwaa hapo, kwa sababu yule wa pili hukariri jina la shirika na kusahau jina la mtaa. Kila mtu ajaze fomu yake kwa mkono wake, kisha mkae mezani na kuzilinganisha, mpaka tarehe, anwani na kiasi cha fedha vilingane.

Makaratasi ya nyumbani

Cheti cha ndoa ambacho shirika halikijali, ubalozi unakijali sana. Ndoa ya kimila ambayo ukoo mzima ulishuhudia, lakini ambayo haikusajiliwa, haitawasaidia dirishani. Isajilini mapema, kwa Tanzania kupitia RITA, wakala wa serikali wa usajili, na kwa Kenya kupitia ofisi ya Msajili wa Ndoa. Waliofunga ndoa msikitini au kanisani wahakikishe kwamba cheti walicho nacho ndicho kinachotambuliwa na serikali. Angalieni pia majina: mke aliyeandikwa kwa jina la baba kwenye pasipoti na kwa jina la mume kwenye cheti atahitaji hati ya kiapo inayoeleza kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja.

Pasipoti ziwe na uhai wa angalau miezi 6 baada ya tarehe ya kurudi. Hati ya polisi, ile ambayo Kenya huitwa cheti cha tabia njema, huombwa na karibu kila shirika linalohusika na watoto, wagonjwa au wazee, na kila mmoja anahitaji ya kwake. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 hudumu maisha yote, hivyo aliyechanjwa zamani hana haja ya kuchanjwa upya bali atafute kitabu chake cha njano. Kwa viza ya Uingereza inayozidi miezi 6, wakazi wa Kenya na Tanzania hutakiwa kupimwa kifua kikuu kwenye kliniki zilizoidhinishwa.

Fedha, na simu ya usiku

Gawanyeni bajeti katika mafungu mawili yasiyochanganywa, moja la maisha ya huko na jingine la mambo ya nyumbani ambayo hayasimami kwa sababu mmesafiri: kodi ya nyumba, ada za shule, marejesho ya mikopo ya VICOBA (benki za kijamii za kijijini) au michango ya chama, bima ya afya ya wazazi. Fungu hili la pili ndilo husahaulika, na ndilo huwarudisha watu kabla ya wakati. Mercy Ships imewahi kuwatoza wanaojitolea gharama za kukaa melini, na wengi hutafuta wafadhili, hasa makanisani kwao. Ada ya aina hiyo hutangazwa hadharani na hulipwa kwa akaunti ya shirika. Mtu anayewaambia mtume fedha kwenye namba yake ya simu ili "awashikie nafasi" kabla hamjaona mkataba, huyo ni tapeli, hata kama picha ya ofisi yake ina bendera 3.

Jambo zito kuliko yote nililoona likiwashinda wanandoa ni msiba. Tiketi ya kutoka Toamasina, Madagaska, au Kathmandu, Nepal, hadi Mwanza haipatikani kwa bei ya kawaida siku moja kabla ya mazishi, na kwa taratibu zetu ukoo hausubiri muda mrefu. Simu hupigwa usiku, analia shangazi, na ndani ya dakika chache mume anasema wanarudi wote huku mke akifikiria zamu ya kesho na fedha iliyobaki. Amueni kabla ya kuondoka, na mwamue kwa kuwataja watu: akifariki mzazi wa mmoja wenu, nani anarudi? Akifariki mjomba, je? Akilazwa mama mkwe, mtasubiri taarifa ya daktari au mtapanda ndege? Andikeni majibu, wekeni nauli ya kurudi ya mtu mmoja kwenye akaunti isiyoguswa, kisha mkawaeleze wakubwa wa pande zote mbili ana kwa ana. Wakwe walioambiwa mapema kwamba atakayerudi ni mmoja huweza kulikubali. Wanaoambiwa kwenye simu wakati turubai limeshafungwa huliona kuwa dharau, na lawama yake humwangukia zaidi mke.

Kazi za kukataa

Msipokee nafasi ya muda mfupi ya kukaa na watoto katika kituo cha yatima, hata kama mnapewa bure. Sehemu kubwa ya watoto wanaoishi kwenye vituo vya namna hiyo duniani wana angalau mzazi mmoja aliye hai, na katika nchi kama Nepal na Kambodia imethibitika kwamba baadhi yao huondolewa majumbani kwao kwa makusudi ili wawavutie wageni na michango. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizungumzia madhara haya katika azimio lake la Desemba 2019 kuhusu haki za mtoto. Mtoto anayeachwa na mlezi mpya kila baada ya wiki chache huumia, na wanandoa ndio hushawishiwa zaidi, kwa kuwa huonekana kama baba na mama walio tayari. Kama moyo wenu uko kwa watoto, tafuteni shirika linalosaidia familia zibaki na watoto wao, na mtoe huko ujuzi wenu wa hesabu, wa ufundi au wa uuguzi.

Kataeni pia kazi ambayo fundi wa kijijini angeilipwa. Mtu aliyesafiri bahari nzima ili kupaka rangi ukuta amemnyima kibarua mwenyeji aliyekaa umbali wa hatua chache akiwa na brashi yake.

Mkishafika

Ombeni msimamizi tofauti kwa kila mmoja, na kama hilo haliwezekani, angalau zamu tofauti. Mume asiwe mkalimani wa mkewe wala mke asipeleke malalamiko ya mumewe. Wenyeji wakianza kuwaita kwa jina moja na kumpa mmoja ujumbe wa wote wawili, warekebisheni kwa upole mwanzoni kabisa, maana mazoea hayo yakishika mizizi yule wa pili hupoteza kazi yake bila mtu kumwambia. Magomvi yenu yabaki chumbani. Katika nyumba ambayo wageni 6 hutumia jiko moja, wanandoa walionuniana huwafanya wote wale wima.

Siku ya mapumziko iwe moja kwa wote wawili, na iandikwe kwenye makubaliano pamoja na saa za kazi. Hapo ndipo safari yenyewe inapopata nafasi, na si lazima iwe ya gharama. Africa Mercy, mojawapo ya meli za Mercy Ships, ilirejea bandari ya Toamasina, Madagaska, mwaka 2024, na aliyepata siku ya kutoka pale ana mengi ya kuona bila kwenda mbali. Ingieni kwenye hoteli ndogo ya wenyeji mle wali. Baada ya kupakua, mpishi huacha ukoko umeganda chini ya sufuria, huuchoma kidogo zaidi mpaka harufu yake igeuke, humimina maji na kuyachemsha, kisha huyaleta mezani yakiwa na rangi ya chai hafifu. Ndiyo ranovola, na watu huyanywa pamoja na chakula, moto au baridi. Mswahili aliyekua akigombania ukoko na ndugu zake hatahitaji kufundishwa kuyapenda, na mpishi akiulizwa namna ya kuyatengeneza, mazungumzo hayaishi upesi.

Ziara ndefu ziwekeni mwishoni, baada ya huduma, mkiwa mmehakikisha kwamba viza bado inawaruhusu. Kuomba ruhusa ya kwenda mbugani au milimani katikati ya kazi huwapa wenzenu zamu zenu, na wale waliofika wakiwa peke yao huona kwamba wanandoa wamekuja fungate.

Kabla ya kuaga, ombeni barua za huduma, na ziwe mbili. Kila moja itaje jina kamili kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe za kuanza na kumaliza, saa za kazi kwa wiki, kazi zilizofanyika kwa maneno mahususi, na anwani ya barua pepe ya shirika badala ya ile ya msimamizi binafsi, kwa sababu wasimamizi wengi nao wamejitolea na huenda mwaka ujao wasiwepo. Barua moja yenye majina mawili mwajiri wa Dodoma au Nairobi ataisoma kama kumbukumbu ya safari ya familia, na yule ambaye jina lake limeandikwa la pili hatahesabiwa uzoefu wowote. Ombeni zitolewe zikiwa na mhuri angalau wiki moja kabla ya kuondoka, mzisome mbele ya aliyeziandika, na kosa la herufi kwenye jina lirekebishwe hapohapo.